Rejeta ya alumini kwenye Fairlady Z ya otomatiki: miezi minane ya joto la Mombasa

Gari langu ni Nissan Fairlady Z ya 2006, injini ya V6 ya lita 3.5, gia otomatiki za kasi 5. Nakaa Tudor, kazi yangu iko ng'ambo ya Likoni, kwa hivyo foleni ya feri naijua vizuri. Mwezi wa pili upepo ukifa pale, mshale wa joto ulikuwa ukipanda mbele ya macho yangu. Nazima ac, nashusha vioo, namuomba Mungu feri ifike.

Mwishowe rejeta ya kiwandani, ile inayopoza maji ya injini, ikapasuka, pale tangi la plastiki linapobanwa na alumini. Aliyekuwa nalo kabla yangu alikuwa akijaza maji ya kisima, na visima vingi vya kisiwani vina chumvi. Ilipofunguliwa, ndani mlikuwa na ukoko mweupe kama wa birika la chai. Plastiki sikuitaka tena. Nikatafuta ya alumini tupu, iliyochomelewa pande zote, yenye safu mbili za mirija minene.

Hapa ndipo nilipokaribia kuliua gari. Duka la kwanza liliniuzia rejeta na kuniapia kwamba ndiyo yenyewe. Fundi wangu, mzee wa Changamwe, aliigeuza, akapitisha kidole chini ya tangi, akaniuliza: "Mwanangu, mafuta ya gia yatapita wapi?" Ilikuwa ya gari la gia za mkono! Kwenye otomatiki, ndani ya tangi la rejeta mna kipoozeo cha mafuta ya gia, na mipira miwili kutoka kwenye gia hufungwa hapo. Toki konveta, kiungo cha mafuta kati ya injini na gia, hutoa joto jingi, hasa ukitambaa nyuma ya malori. Mafuta yasipopozwa, gia huungua. Na kipoozeo kikitoboka ni msiba mwingine: maji huingia kwenye gia, mafuta mekundu yakageuka waridi mazito kama maziwa, na klachi za ndani huharibika. Mzee akafungua kijiti cha kupimia, akapangusa mafuta yangu kwenye karatasi nyeupe. Mekundu, safi. Hapo nikapumua.

Nilirudisha ile, nikaagiza ya otomatiki kwa Sh48,000. Kazi ilichukua siku nzima. Matundu ya kufungia feni hayakulingana, yakapigwa tupa kidogo. Nilisisitiza kava ya feni irudi kamili, kwa sababu rejeta nene bila kava haivuti hewa ya kutosha gari likisimama. Kutoa hewa kulitusumbua zaidi. Injini hii hushika hewa, lazima ufungue kizibo kidogo kwenye mpira wa hita na ujaze polepole. Tulitumia kulanti, dawa ya kupoza injini, nusu kwa nusu na maji ya betri. Nasema maji, si asidi!

Siku ya pili nikaona matone mekundu sakafuni. Yalitoka kwenye nati ya mpira wa gia. Washa yake, kile kipete cha kuzuia kuvuja, ilikuwa ya zamani. Ikabadilishwa na mafuta yakaongezwa, yale yale ya Nissan.

Matokeo? Nasoma joto kwa simu kupitia kifaa cha kuchomeka chini ya usukani. Zamani foleni ya Likoni ilinifikisha nyuzi 106 za Selsiasi. Sasa, ac ikiwa inafanya kazi, sijaona zaidi ya 95. Barabara ikiwa wazi hakuna tofauti kubwa, na isikushangaze: themostati, kizibo kinachofunguka maji yakipata joto, ndiyo inayoamua, na ya injini hii hufunguka kwenye 82 hivi. Anayetaka gari lake liwe baridi kuliko hapo atapoteza pesa. Faida niliiona kwenye mlima wa Mazeras nikielekea Voi, nimefungiwa na kontena mbili mbele yangu, gia zikibadilika ovyo. Mshale haukutikisika.

Ningenunua tena bila kusita, ila ningeanza kwa kuuliza swali la mzee yule kabla ya kutoa hata shilingi. Wikendi iliyopita nililaza boksi tupu chini ya gari usiku kucha. Asubuhi lilikuwa kavu.