TAHADHARI wenye dizeli za zamani Kigoma: pampu za maji zilizokufa zinapakwa rangi na kuuzwa kama mpya

Ndugu zangu wa Kigoma, Ujiji, Kasulu mpaka Kibondo, hasa nyie wenye Hilux na Hiace za dizeli za zamani, nisomeni na mumfikishie kila mwenye gari. Pale Mwanga kuna muuza spea anayekusanya pampu za maji zilizokufa, anazisugua, anazipulizia rangi ya fedha, anazitia kwenye boksi jipya na kuziuza kama orijino kutoka Japani. Mimi kaniuzia. Gari langu la kubebea samaki mnalijua, na mnajua linalisha watu wangapi. Sasa hivi liko juu ya mawe gereji, halina rejeta, halina hedi, yaani kile kichwa cha juu cha injini.

Naandika haya mikono inatetemeka kwa hasira. Na aibu niliyopewa mbele ya watu siwezi kuimeza nikakaa kimya.

Pampu yangu ilianza kuvuja kidogo kidogo kupitia kile kitundu cha chini. Kila asubuhi nakuta maji mekundu ya rejeta yametuama chini ya injini. Fundi wangu, yule yule wa siku zote, alishika feni akaitikisa, ikacheza. Kwenye injini hizi za 3L feni imefungwa kwenye shafti ya pampu, kwa hiyo feni ikicheza ujue beringi imekwisha. Akaniambia nisilipeleke popote kabla ya kubadilisha, maana 3L haitaki mchezo na joto, ikichemsha vibaya mara moja tu hedi inapata ufa. Nikamsikia, gari likalala. Asiniambie mtu kwamba nilizembea.

Kuagiza Dar nilikufikiria. Ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000 na mzigo wa basi unafika ukipenda wenyewe, na mama wa Kasulu, mteja wangu, alishalipa nusu ya migebuka yake, samaki wa ziwani kwetu. Shemeji akasema pale kwa fulani alinunua filta za dizeli na hazikumsumbua. Nikaenda.

Duka lenyewe si kibanda cha kuviziana. Lina kaunta ya kioo, rafu zimejaa mpaka darini, na nilipoingia nilimkuta fundi mwenye ovaroli ananunua mkanda wa feni, wanaitana na mwenye duka kwa majina na kuulizana habari za watoto. Mwenye duka ni mtu mzima, sauti ya upole, kofia kichwani, ndiyo kwanza ametoka swala ya Alasiri. Aliniuliza gari ni la mwaka gani, injini ipi, pampu ilivuja upande gani. Maswali ya mtu anayejua kazi yake. Akapanda ngazi mwenyewe, akashusha boksi, akakata utepe kwa kisu kidogo nikiwa namwangalia. Ndani kulikuwa na mfuko wa nailoni unaong'aa mafuta na gasketi mpya ya karatasi pembeni. Akaniwekea pampu mkononi.

"Sikia uzito wake kaka. Haya, izungushe."

Nikaizungusha kwa kidole. Ilizunguka laini, kimya, haichezi hata kidogo. Kisha akainama chini ya kaunta akatoa pampu nyingine, ya bei ya chini, akanipa na hiyo niizungushe. Ikakwaruza. Akaichukua haraka akairudisha alikoitoa, akasema, "Hii wateja wa haraka haraka ndio wanaichukua. Mimi wewe sikushauri, utanirudia hapa unalia." Nauliza, muuzaji anayekukataza bidhaa yake mwenyewe ya rahisi, nani kati yenu asingemwamini? Akaapa kwa jina la Mungu kwamba ile ya boksi ni orijino na kwamba yeye hauzi pampu, anauza jina lake. Alitaka 110,000, tukavutana mpaka 95,000.

Kisha akasema, na hili lisikieni vizuri: "Ya zamani ukishaifungua niletee, nakurudishia 10,000. Vyuma chakavu tunauza." Nikaona mtu wa watu. Fundi alipoifungua, kijana nikamtuma nayo dukani, akarudi na ile 10,000 kamili.

Pampu ikafungwa. Gari likatulia, chini pakavu, nikampigia mama wa Kasulu kwamba nakuja. Tulipakia Kibirizi alfajiri, migebuka kwenye barafu. Kidahwe tumepita salama. Mbele huko, kwenye kupanda, ndipo nikaanza kusikia mlio mwembamba kutoka mbele, kama filimbi ya mtoto. Naangalia geji ya joto, iko katikati. Nikapunguza mwendo nitafute pa kusimama pembeni, na kabla sijapapata, kishindo. Feni imeachia na shafti yake, panga zimeingia kwenye rejeta zimeichana kuanzia juu mpaka chini. Mvuke ukafunika kioo chote, sioni barabara. Nilipofungua boneti hapakuwa na maji ya kumwagika. Mengi yalishakwisha njiani zamani, yaliyobaki ndiyo ule mvuke! Geji ilikaa katikati kwa sababu sensa inapima joto la maji, na maji yakishatoka inabaki kwenye hewa, inakuonyesha uongo huku injini inaungua.

Migebuka sisemi. Aliyewahi kukaa na samaki juani porini anajua.

Gari lilivutwa mpaka gereji. Fundi akafungua ile pampu, akaikwangua kwa ukucha. Rangi ya fedha ikatoka kama ganda la kitunguu, chini yake kutu yenye vishimo. Halafu akanigeuzia upande wa chini akanionyesha kile kitundu. Kimezibwa. Silikoni ya kijivu, imesukumwa ndani, imesawazishwa, na rangi imepita juu yake! Kile kitundu kimewekwa na waliotengeneza pampu ili sili ikichoka maji yatoke nje uyaone, yasiende kwenye beringi. Huyu mtu kakiziba kwa makusudi ili pampu mbovu isivuje ukiwa bado mjini karibu na duka lake. Maji yakakosa pa kutokea, yakapita kwenye beringi yenyewe, yakaosha ile grisi aliyojaza ili izunguke laini mkononi mwangu, na yaliyotoka mbele yakapeperushwa na feni. Alijua. Mtu anayekaa na silikoni akaziba tundu la milimita chache anajua kabisa kwamba gari litaharibika, na anajua kuna watu ndani yake. Na hedi ilipotolewa, ufa upo, kati ya vali na vali, vilevile fundi alivyoniambia siku ile.

Nikarudi dukani na pampu mkononi. Yule mzee alikuwepo, ila ile sauti ya upole haikuwepo tena. Mbele ya wateja waliojaa akaniuliza, "Hii umeitoa wapi?" Nikamtolea kikaratasi alichoniandikia. Akakisoma kwa sauti ili wote wasikie, akasema hakina jina la duka, hakina muhuri, nikamtafute aliyeniandikia. Vijana wakaanza kuniambia mzee toka, unazuia wateja. Mimi, umri huu, nashikwa bega natolewa nje Mwanga saa tano asubuhi, watu ninaowauzia samaki wanatazama.

Lakini wakati nasukumwa, pazia la chumba cha nyuma lilikuwa wazi, na nikaona. Kijana kakaa kwenye ndoo, ana brashi ya waya na kopo la rangi ya kupuliza. Mbele yake pampu zimepangwa juu ya gunia, na ya mwisho kushoto ni yangu. Yangu kabisa, ile ya zamani, ina alama ya tindo kwenye sikio la bolti ambayo fundi aliiacha miaka ile tulipoifunga. Nusu yake imeshapakwa rangi. Ile 10,000 aliyonirudishia ndiyo bei anayonunulia pampu ya kumuua mtu mwingine.

Huyu si wa kuhurumiwa. Afungiwe duka, afikishwe mahakamani, na bidhaa zake ziteketezwe hadharani pale pale Mwanga watu wakiona. Kutia kitu kibovu kwenye boksi lenye alama ya kampuni ya watu ni kosa, Sheria ya Alama za Bidhaa ipo tangu 1963, na FCC, Tume ya Ushindani, wana mamlaka ya kukamata bidhaa bandia. Kutouza kwa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nako ni kosa jingine, TRA wa mapato wanamhusu. Anilipe hedi, rejeta, gharama ya kuvuta gari na samaki wa watu. Na yule kijana wa kwenye ndoo aseme zimeshatoka pampu ngapi mle ndani, maana ziko barabarani sasa hivi zinabeba abiria.

Mnaoenda kununua: pampu mpya uso unaokaa gasketi ni chuma kitupu kilichochongwa, hakipakwi rangi. Yangu ilipakwa kote. Kitundu cha chini chomeka kijiti, kiingie. Ukiambiwa urudishe ya zamani, kataa, igonge nyundo uivunje kwanza. Risiti ya EFD. Na mkono uliozungusha pampu usiuamini peke yake, grisi inadanganya.

Jina la duka sitaliweka hapa kwa kuwa maelezo yangu yako polisi, ila wa Kigoma mkiniuliza ana kwa ana nitawapeleka mpaka mlangoni. Jumatatu asubuhi narudi kituoni na pampu ikiwa ndani ya boksi lake, silikoni haijaguswa. Aliyeuziwa kama mimi aje na yake, tuingie pamoja.