Yealink W70B ofisini: inafaa hadi pale utakapohitaji besi ya pili

W70B ni besi, yaani kituo kinachorusha mawimbi, ya simu za DECT, zile zisizo na waya za ndani ya jengo. Huzungumza na mtambo wa simu wa ofisi kwa SIP, lugha ya simu zinazopita kwenye mtandao. Huuzwa peke yake, au ikiwa imefungashwa na hendiseti moja, yaani simu yenyewe ya kutembea nayo: W73P inakuja na W73H, W76P inakuja na W56H, na W79P inakuja na W59R, ile ngumu ya viwandani. Besi moja inabeba hendiseti 10, akaunti 10 za SIP na simu 20 kwa wakati mmoja, maana yake kila mwenye hendiseti anaweza kuongea na mtu mmoja huku mwingine akisubiri kwenye laini. Kaka yake, W60B, aliishia 8 kila upande.

Kwa ofisi ya ghorofa moja yenye watu kumi au pungufu wanaotembea na simu, hakuna haja ya kutafuta kingine. Shida huanza pale jengo linaposhinda besi moja. W70B haikutengenezwa kufanya kazi na mwenzake. Hendiseti inaweza kusajiliwa kwenye besi hadi nne, na wauzaji wengi hulitaja hilo kwa furaha, lakini mtu akiwa kwenye maongezi akatoka eneo la besi ya kwanza, simu inakatika. Hakuna kupokezana. Anayeweka W70B mbili kwenye korido moja akidhani sauti itahama yenyewe anajinunulia malalamiko.

Kwa mwenye W60B tayari, kupanda hadi W70B kuna maana kama nafasi 8 zimejaa. Sauti haitabadilika kwa kiwango ambacho sikio la mapokezi litakitambua, kwa sababu zote mbili zinatumia G.722, njia ileile ya kufunga sauti, na nguvu ya mawimbi ni ileile. Habari njema ni kwamba hendiseti za W56H, W53H na W59R hazitupwi, zinahamia besi mpya. Zipandishe femwea, yaani programu ya ndani ya kifaa, zikiwa bado zimesajiliwa kwenye besi ya zamani. Hendiseti yenye femwea ya zamani inaweza kugoma kushika besi mpya, na kwa kuwa femwea yake hupitia hewani kutoka kwenye besi, ukishaizima ile ya zamani umejifungia mlango.

Kabla ya kulipa, geuza boksi usome masafa. Toleo linalotakiwa Tanzania, Kenya na Ulaya hufanya kazi kati ya 1880 na 1900 MHz. Toleo la Marekani hukaa kati ya 1920 na 1930 MHz, na huku kwetu eneo hilo ni sehemu ya njia ambayo simu za 3G za bendi ya 2100 hutumia kupeleka mawimbi kwenye mnara. Hendiseti ya Marekani haitashika besi ya Ulaya kabisa. Ukinunua besi na hendiseti zote za Marekani zitafanya kazi, ila utakuwa unawavuruga watumiaji wa mtandao wa simu jirani, na si TCRA ya Tanzania wala Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya itakayokuchekea. Bei nafuu ya mtandaoni mara nyingi imejificha hapo.

Sasa kazi yenyewe. Karatasi ya kiwandani inasema mita 50 ndani na mita 300 nje. Hizo mita 300 ni za uwanja wa mpira. Ndani, kinachoamua ni ukuta. Tofali la simenti lililopigwa plasta linapitisha, zege lenye nondo linabana, shimo la lifti na kabati la chuma la mafaili vinaziba. Kuta nene za mawe za Mji Mkongwe wa Zanzibar au mji wa kale wa Mombasa hupunguza umbali vibaya sana, na ofisi za kontena ni adui kamili: besi iliyo nje ya kontena haisikiki vizuri ndani, na kinyume chake. Kibanda cha mlinzi cha bati huangukia kundi hilohilo. Kama mlinzi lazima awe na hendiseti, besi ielekee dirisha la kibanda, si mgongo wake.

Pima kabla ya kutoboa ukuta. Besi haihitaji mtandao ili hendiseti mbili zilizosajiliwa kwake zipigiane kwa ndani, kwa hiyo umeme tu wa adapta yake ya volti 5 unatosha. Ibandike kwa tepu mahali unapokusudia, mtu mmoja akae karibu nayo akihesabu moja hadi mia kwa sauti, mwingine atembee na hendiseti ya pili milango ikiwa imefungwa. Pale namba zinapoanza kumezwa, weka alama kwenye ramani ya ofisi. Rudi hatua tatu nyuma: huo ndio mpaka wa kweli, kwa sababu siku ya kazi ofisi ina watu, na mwili wa binadamu nao hula mawimbi. Ndani ya nusu saa utajua kama besi moja inatosha, na hicho ndicho kipimo pekee kinachofaa kuaminiwa kwenye nukuu ya bei.

Mahali pazuri ni juu ukutani, mita mbili na zaidi kutoka sakafuni, katikati ya eneo la watu na si katikati ya jengo. Usiifungie ndani ya raki ya chuma pamoja na swichi, kosa ambalo mafundi wa mtandao hulipenda kwa sababu kebo inakuwa fupi. Iache mita moja au zaidi mbali na besi nyingine ya DECT au kifaa cha Wi-Fi. Masafa ya Wi-Fi ni tofauti kabisa, hayagongani na DECT, na ndiyo maana simu hizi hubaki safi hata kwenye jengo lililojaa Wi-Fi za majirani. Kupeana nafasi ni tahadhari tu ya vifaa vinavyorusha mawimbi vikiwa vimegusana.

Umeme upitishe kwenye kebo ya mtandao, Cat5e au Cat6, isiyozidi mita 100 kutoka kwenye swichi. Besi inakubali PoE, yaani umeme unaopita kwenye kebo ya mtandao, ya kiwango cha 802.3af. Hapa kuna mtego unaoonekana mara kwa mara: injekta (vifaa vya kuingiza umeme kwenye kebo) na ruta nyingi zilizozoeleka kwenye mitandao ya huku, hasa zile zinazokuja na antena za intaneti, hutoa PoE ya kulazimisha ya volti 24. Hiyo siyo 802.3af, ambayo huuliza kwanza kifaa kinahitaji nini kisha hutoa karibu volti 48. Kwenye volti 24 besi haitawaka, na hakuna sababu ya kujaribu kuona kama itaungua. Nunua swichi ya 802.3af na uiweke kwenye UPS, betri ya akiba, pamoja na ruta na mtambo wa simu. Umeme ukikatika, hendiseti zina betri, lakini bila besi ni plastiki tu.

Kusajili ni rahisi. Bonyeza kitufe cha besi na ukishikilie hadi taa ya usajili ianze kumweka, kisha kwenye hendiseti ingia menyu ya kusajili, chagua besi, andika PIN ambayo kiwandani ni 0000. Kubonyeza kwa muda mfupi huziita hendiseti zote zilie, njia nzuri ya kuipata iliyosahaulika jikoni. Anwani ya IP ya besi utaiona kwenye menyu ya hali ya hendiseti. Fungua kwa kivinjari, ingia kwa jina admin na nenosiri admin, kisha badilisha nenosiri hilo hapohapo pamoja na ile PIN. Besi yenye nenosiri la kiwandani ikionekana kutoka intaneti inageuka kuwa kibanda cha simu za kimataifa cha watu usiowajua, na bili inakuja kwako.

Baada ya kuandika akaunti za SIP, usiishie hapo. Nenda ukurasa wa Number Assignment. Humo ndimo unapoamua hendiseti ipi ilie akaunti ipi ikiita, na ipi itoke kwa akaunti ipi. Malalamiko ya simu ya mhasibu kulia kwa mkurugenzi karibu yote huzaliwa kwenye ukurasa huu. Simu ya mapokezi yaweza kupewa hendiseti tatu kwa akaunti moja. Kwa timu kubwa zaidi, acha mtambo wenyewe ugawe kwa kundi la ekstensheni, yaani namba za ndani, maana huko ndiko kuna ripoti na foleni.

Mtambo ukiwa kwenye wingu, yaani kwenye seva za intaneti, kagua ruta. Kwenye ruta ya MikroTik zima msaidizi wa SIP kwa amri moja: /ip firewall service-port disable sip. Msaidizi huyo hubadilisha anwani ndani ya ujumbe wa SIP, na akikosea unapata sauti ya upande mmoja, au simu inayokatika baada ya muda uleule kila mara. Kama simu zinatoka vizuri lakini zinazoingia hazifiki baada ya besi kukaa kimya kwa dakika kadhaa, ruta imefunga njia ya kuingilia. Washa ujumbe wa kudumisha muunganisho kwenye akaunti, kila sekunde 30. Kila maongezi ya G.711 hula karibu kilobiti 87 kwa sekunde kila upande, ya G.729, inayobana sauti zaidi, karibu 31. Maongezi kumi ya G.711 hayafiki megabiti moja, kwa hiyo sauti ikikwaruza wakati mtu anapakia video, tatizo ni foleni ya kutoka na si ukubwa wa kifurushi. Besi huweka alama ya kipaumbele, DSCP 46, kwenye sauti. Ruta ipangwe iiheshimu.

Ofisi zenye mtambo wa analogi kama Panasonic KX-TES824 huuliza kama W70B itachomekwa moja kwa moja. Haitachomekwa, haina tundu la simu. KX-TES824 huanza na laini 3 za nje na ekstensheni 8 na hupanuka hadi 8 na 24, lakini zote ni za waya. Kuweka kigeuzi kwa kila ekstensheni ili kuileta kwenye SIP ni kumfunga punda kwenye gari jipya. Afadhali kuhamisha laini za nje kwenye mtambo mdogo wa IP. Grandstream UCM6302, kwa mfano, ina matundu 2 ya laini za nje na 2 ya simu za analogi, yanayotosha kubakiza faksi na simu ya getini. Zoezi la lazima baada ya kuhama ni kupima mtambo kama unatambua upande wa pili umekata simu. Milio ya kukata hutofautiana nchi kwa nchi. Ikiwekwa vibaya, laini hubaki imeshikwa na wateja husikia simu inatumika kutwa nzima. Mwangwi nao hutoka hapo: endesha jaribio la mtambo la kulinganisha ukinzani wa laini.

Tuje kwenye ripita, kifaa cha kurudia mawimbi ya besi ili yafike mbali, RT30. Ni nafuu, haihitaji kebo ya mtandao, na ndiyo jibu la kwanza la muuzaji ukimwambia ghorofa ya juu haishiki. Kwa stoo moja mwishoni mwa korido inakubalika. Kwa ghorofa nzima haifai. Ripita haiongezi nafasi, hula nafasi: kila maongezi yanayopita kwake hushika muda hewani mara mbili, upande wa besi na upande wa hendiseti. Nayo yenyewe lazima ikae pale ambapo besi bado inasikika vizuri, si pale penye kiza, jambo ambalo wengi hulikosea. Hali ya Eco kwenye besi, ile ya kupunguza nguvu ya mawimbi, nayo haipatani na ripita, izime kwanza. Kubadili hali ya ripita huwasha besi upya, kwa hiyo fanya jioni.

Pale penye ghorofa mbili au ghala refu, ruka moja kwa moja hadi mfumo wa W80B, ambao umejengwa kwa besi nyingi: hadi besi 30 na hendiseti 100 chini ya meneja mmoja. Kwa mpangilio wa kawaida W80DM hufanya umeneja na W80B hurusha mawimbi, basi kwenye hesabu ya ununuzi ongeza kifaa kimoja. Besi husawazisha saa zao kwa kusikiana hewani, hivyo hazipangwi pale ambapo kila moja inaishia. Zinapaswa kuingiliana vya kutosha. Lenga nguvu ya mawimbi kwenye hendiseti isishuke chini ya -70 dBm popote watu wanapotembea, na besi mama ya usawazishaji iwe ya katikati ili nyingine zisining'inie kwenye mnyororo mrefu. Mnyororo ukiwa mrefu, besi moja ikizima zilizo nyuma yake hupoteza saa na simu hukatika zikihama.

W56H zako zinahamia huko pia. Ndiyo maana ushauri wa pesa ni kutumia zaidi kwenye hendiseti na kidogo kwenye besi. W56H inadai saa 30 za maongezi, na dakika 10 za kuchaji hutoa saa mbili, kwa hiyo inavumilia zamu ndefu. W59R ni IP67, haiogopi vumbi wala maji. Mpe wa gereji na wa jikoni hotelini, si wa mapokezi, kwa sababu ni nzito na bei yake inauma.

Kwa kupandisha femwea, shusha faili la .rom la kifaa husika, kwani la W60B halifai W70B. Besi huchukua dakika chache. Hendiseti huchukua muda mrefu zaidi kwa kuwa faili linapita hewani kwa mwendo wa polepole, kwa hiyo ziweke zote kwenye vitako vyake vya kuchajia na uanze mbili tatu kwa wakati mmoja jioni. Hendiseti iliyotolewa kwenye kitako katikati ya zoezi huanza upya, na mwenye zamu ya asubuhi ndiye hujua hivyo saa mbili asubuhi.