Ziara ya Fort Jesus kwa abiria wa meli: uliza kwanza dakika za ndani

Mamangu kazaliwa Unguja, akahamia Maskati akiwa msichana, na tangu nikiwa mdogo akinihadithia Fort Jesus, ngome kongwe ya Mombasa. Meli yetu ilipopangiwa kutia nanga Mombasa, nilimkatia tiketi ya ziara kwenye kaunta ya melini, dola 89 kwa kila mmoja wetu, "saa nne nzima". Ndani ya ngome tulikaa dakika 35. Nilizihesabu. Dakika 40 ziliishia ukumbini tukisubiri kubandikwa namba kifuani. Tukashushwa Mapembeni, penye zile pembe kubwa za barabarani, kupiga picha, kisha zaidi ya saa nzima kwenye duka la vinyago ambalo karatasi ya ziara haikulitaja. Mama hata Nyumba ya Waomani, iliyo humo humo ngomeni, hakuifikia. Nilipokisimulia kisa hiki, wasomaji wanne waliniandikia kuwa nao yaliwapata yaleyale.

Kwa hiyo hapa sitapima viti vya basi wala kiyoyozi. Napima dakika unazobaki nazo ndani ya kuta. Ngome hii Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 juu ya mwamba wa matumbawe, na kila aliyeitwaa baadaye ameacha alama yake. Kuna vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná, meli ya Kireno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, Waomani wakiwa wameizingira ngome. Mzingiro huo ulianza Machi 1696 na haukwisha mpaka Desemba 1698. Kuna michoro ya ukutani waliyoiacha Wareno, na kuna habari za gereza la Waingereza lililodumu hadi 1958. Ukiwa na mtu mzima anayehitaji kupumzika kila penye kivuli, usikubali chini ya saa mbili.

Chaguo langu la kwanza, na sioni haya kulipendelea, ni teksi kutoka bandarini pamoja na mwongoza watalii wa pale pale ngomeni. Bandari ya Kilindini na ngome viko kwenye kisiwa kimoja, hakuna kivuko wala daraja, na njia haizidi kilomita tano. Patana na dereva bei ya kwenda, kungoja na kurudi, umlipe mkirudi. Mwongozaji naye mpatane kabla ya kuingia, na umwombe akuoneshe kitambulisho chake. Hawa wa ngomeni wanaijua kila ngazi. Mwambie tu kwamba mzee atembezwe taratibu. Kumbuka kuwa ukienda kivyako meli haikungoji, kwa hiyo anza kurudi saa moja na nusu kabla ya muda wa mwisho wa kupanda. Na uhakikishe saa ya melini na ya Mombasa zinalingana.

La pili ni wakala wa Mombasa unayemwandikia kabla ya safari. Akuandikie dakika za ndani ya ngome, na akuandikie kwamba hakuna kusimama dukani. Akikataa kuandika, tafuta mwingine.

La tatu ni ziara ya meli. Ina faida moja ya kweli: basi lao likichelewa, meli inawangoja. Kwa mtu asiyeweza kutembea peke yake hilo si dogo. Na ukifikiria tuktuk badala ya teksi, ni nafuu na itakufikisha, ila mzee mwenye mgongo mbovu usimpandishe.

Linaloniuma zaidi ni bei. Makumbusho yana kiingilio cha raia wa Kenya na kiingilio cha wageni, na cha raia kiko chini sana. Msomaji mmoja, Mkenya anayeishi Doha, alikuwa na kitambulisho chake mfukoni na bado alitozwa bei ileile ya ziara kama Mzungu wa kiti cha pembeni. Alipouliza tofauti inakwenda wapi, akaambiwa bei ni ya kifurushi. Mimi nami niliporudi kaunta kuuliza kwa nini duka lilipewa muda kuliko ngome, yule binti alinijibu kuwa ratiba hupangwa na watu wa nchi kavu. Watu wa nchi kavu, yaani dereva wa basi, alikuwa ameshaniambia kuwa ratiba hupangwa melini.