Fundi wa mashine za boti, Kirumba: mwenye mashine ya zamani aende kwake

Kama una mashine ya boti ya zamani na umechoka kuambiwa "tubadilishe hiki kwanza, halafu tuone", mpelekee fundi huyu. Anafanyia kazi mwaloni Kirumba, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, chini ya turubai. Bango hana, ulizia kwa wenye boti.

Mashine yangu ni HP 40 ya mipigo miwili, ya kuvuta kamba, na ilipita mikono ya watu kabla ya kunifikia. Imefungwa kwenye boti ya mbao inayoniletea dagaa kutoka Ukerewe. Ugonjwa wake ulikuwa kuchemka. Ikianza safari inakwenda vizuri, ikishakaza mwendo na mzigo inalegea, halafu inazima. Ikipoa inawaka tena. Ukiwa na magunia ya dagaa na wingu jeusi linakuja, kusubiri mashine ipoe katikati ya ziwa ni mateso, tena ni hatari kwa vijana waliomo.

Mafundi waliotangulia walibadilisha plagi, wakasafisha kabureta. Wa mwisho akasema ringi zimekwisha, nitafute na pistoni.

Huyu alianza kwa kupima mgandamizo, yaani silinda zinavyobana hewa. Silinda zote mbili zikatoka karibu sawa. Akaiwasha mashine ndani ya pipa la maji, akashika yale maji ya kupoozea mashine yanayochuruzika nyuma. Yalikuwa membamba na ya moto. Akaniambia, "Mama, pistoni zako nzima. Hela ya ringi rudi nayo nyumbani."

Kufungua mguu wa chini, unaozama majini na kukaa pampu ya maji, kulikuwa kazi. Bolti za miaka mingi zilikuwa zimeng'ang'ania kwenye alumini. Akazimwagia oili zikalala nayo, asubuhi akazipasha moto, na bado moja ikakatika. Aliitoboa akachonga upya hesi, ile mikato inayoshika bolti, na hakuniongezea bei. Ndani, impela ya pampu, yaani gurudumu la mpira linalosukuma maji, ilikuwa nzima, mapezi yote yapo. Fundi mwingine angefunga na kusema tatizo si maji. Yeye alifuata njia ya maji hadi juu, akafungua kifuniko cha thamostati (kidhibiti joto), na huko akatoa vipande vya mpira mkavu. Vilikuwa mapezi ya impela ya zamani! Aliyeibadilisha alifunga mpya bila kujiuliza yale yaliyokatika yalikwenda wapi. Yalipanda na maji yakaziba njia. Miaka yote hiyo nilikuwa nalipia plagi.

Nyumba ya pampu nayo ililiwa na mchanga, maana vijana huwasha mashine kwenye kina kifupi ikachota tope. Na oili ya gia ilitoka nyeupe kama maziwa, dalili kwamba maji yanaingia, kwa hiyo sili zikabadilishwa.

Spea ndizo zilizonitesa. Mashine ikiwa ya zamani, mwenye duka anakupa "inayofanana". Fundi alinikabidhi kila kifaa kibovu niende nacho mkononi, nipime kimoja kwa kingine palepale kaunta. Hata hivyo nyumba ya pampu sikuipata mjini. Ilikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam.

Ushauri wake wa oili nauweka hapa kwa faida ya wote. Mashine yangu inataka sehemu moja ya oili kwa 50 za petroli, yaani dumu la lita 20 linakwenda na mililita 400. Iwe oili ya mashine za boti, iliyoandikwa TC-W3. Ile ya pikipiki ni rahisi, lakini nyingi zinaacha majivu kwenye plagi na juu ya pistoni. Angalia na kitabu cha mashine yako, kwani vipimo hutofautiana.

Ufundi nililipa 150,000, spea mbali. Kwa kazi ile naona ni haki.

Sasa malalamiko. Alisema kesho kutwa, ikawa wiki ya pili, na si spea peke yake iliyochelewesha. Alipokea kazi za watu wengine katikati ya yangu. Risiti hatoi, kwa hiyo nilimwandikisha kwenye daftari langu. Kubwa zaidi, oili chafu anaimwaga mchangani, mvua ikinyesha inaingia ziwani. Maji hayohayo watu wa visiwani wanachota kupikia. Nilimpelekea dumu la kukusanyia, akalipokea vizuri. Nawaomba wateja wengine mumkumbushe kulitumia.

Mashine inatoa maji ya kutosha sasa, na inavuka na mzigo bila kuzima. Nenda asubuhi mapema, kabla hajazungukwa na watu. Injini za mipigo minne zenye kompyuta hazigusi, na atakwambia hivyo kabla hujaishusha kwenye gari.