TAHADHARI: Fundi wa radiogramu aliyeniliza kwa wimbo wa simu yake

Nimeandika haya na kuyafuta mara tatu kwa aibu. Leo nayaacha kama yalivyo, maana nasikia yule bwana keshavuka Likoni na anaulizia nani ana redio ya zamani ya urithi.

Ni ile radiogramu ya Grundig ya babu. Ya nyumba ya Majengo, mnaijua, na ugomvi wake mnaujua, siurudii hapa. Mama alinipa mimi, basi. Kabati refu la mbao, miguu minne iliyochongoka, redio upande mmoja, sahani ya kuchezea santuri upande wa pili chini ya kifuniko. Kwenye kioo cha stesheni lipo mpaka leo tone la rangi ya kucha alilotia bibi, pale ilipokuwa ikishika Sauti ya Kenya. Imekaa bubu tangu niko darasa la tano.

Kabla hamjanicheka, sikilizeni kwa nini nilimwamini. Alikuja mzee wa makamo ya baba yangu, kofia safi, miwani imefungwa uzi. Alitoa ubao wa nyuma kwa bismillahi, akapangusa vumbi kwa brashi ya rangi kama anayemwosha mtoto mchanga. Akazitaja valvu, zile taa za kioo zinazoendesha redio za zamani, moja moja kwa namba bila kusoma: hii ECC83, hizi EL84, na hili jicho la kijani la mbele ni EM84. Akaniambia, "Mwanangu, usithubutu kuichomeka. Hizi kapasita za karatasi zimeshavuja, utaunguza transfoma, na transfoma hii huipati tena." Nimekuja kuuliza baadaye, ni kweli tupu. Ndicho kinachoniuma. Angekuwa mbabaishaji ningemshtukia. Huyu kazi anaijua!

Basi akachukua 12,000 za mwanzo kwa M-Pesa, hamali wawili wakapakia kabati kwenye mkokoteni, likaenda. Wiki tatu. Kila nikipiga, "kapasita zinatoka Nairobi", "naitafutia sindano yake". Siku mbili kabla ya kurudisha akanipigia mwenyewe, sauti laini kama halua: "Mama akipenda wimbo gani? Nataka usikie huo kwanza." Mimi mjinga nikamtajia. Tena nikamwambia santuri yenyewe ni ile ya 45 yenye nembo ya Mzuri, ya taarabu, ipo kwenye droo ya kabati, aangalie.

Akaja Ijumaa baada ya sala. Akachomeka, kijani kikawaka. Akasema, "Kaa pale mbali kidogo, stereo haisikilizwi kwa karibu." Nikakaa. Akasimama baina yangu na sahani, mgongo kwangu, nikaona sahani inazunguka, nikaona mkono wake unashusha sindano. Mkono mwingine ulikuwa mfukoni mwa kanzu. Nauona ule mfuko mpaka sasa. Wimbo ukaanza.

Jamani, nililia. Nililia kama siku ya arubaini. Ile santuri ina mchubuko tangu mama hajaolewa, ukifika ubeti wa pili inaruka, sote tumekua tukiuimba wimbo ule kwa kuruka, mpaka mjomba huuruka hata akiimba bafuni. Safari hii haikuruka! Nikamwambia, "Fundi, hata mchubuko umeutoa?" Akajibu bila kugeuka, "Nimeisafisha." Nami nikaamini kwamba mchubuko wa santuri unaoshwa kwa sabuni. Nina shahada, mimi.

Katikati ya wimbo redio ya babu ikatoa "ting". Ting ya ujumbe wa simu, mimi na nyinyi tunaijua. Akakohoa, akasema ni mawimbi ya mnara wa simu. Nikatikisa kichwa kama mjuzi. Nikamalizia 26,500, nikamwongeza 2,000 za chai. Za chai! Akaniusia nisiiguse siku saba, kapasita mpya zinataka kutulia. Siku ya tatu namba yake haipatikani tena.

Siku ya nane mpwa wangu, ana miaka kumi na nne, kaja kula wali. Nikaiwasha nimwonyeshe. Nikashusha sindano mwenyewe: sahani inazunguka, kimya. Kijana anatazama simu yake ananiuliza, "Shangazi, mbona redio ya babu inataka kuunganishwa na simu yangu?"

Tukafungua nyuma. Hamna kitu. Chasisi nzima imeng'olewa, valvu zote nane, transfoma, kila kitu. Imebaki mota ya sahani, spika, na katikati ya kabati tupu kabodi kadogo ka bluetuthi kama kibiriti, kamegandishwa kwa gundi ya moto. Jicho la kijani ni kataa ka wanasesere nyuma ya plastiki. Waya wa mkono wa sindano umekatwa, unaning'inia. Nilikuwa nimelilia simu ya mwizi.

Mpwa ndiye aliyenitafutia thamani. Valvu za Telefunken zenye alama ya almasi kwenye kioo, chini baina ya pini, zinasakwa duniani kote na wenye amplifaya za gitaa na wapenzi wa muziki wa zamani. Zetu zilikuwa na almasi. Fundi alijua tangu siku ya brashi.

Nimekwenda kituoni, nimepewa namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, na askari akaniuliza redio mbovu inaibwaje. Huyu mtu afungwe. Afungwe Shimo la Tewa, na kabla ya hapo azungushwe Mwembe Tayari na kabodi kake shingoni kakipiga ting. Mzee mzima, na kanzu ya Ijumaa! Msiniambie nimsamehe kwa uzee, babu naye alikuwa mzee na hakumwibia mtu.

Mnaoniuliza ningejuaje: valvu haziimbi papo hapo, zinataka kama nusu dakika zipate moto. Ile iliimba mara moja. Na chaguo la wimbo msimpe fundi, mpeni santuri mkononi palepale hajui ipi. Simu yake iwe mezani. Piga picha za ndani kabla haijatoka nyumbani, mimi sikupiga hata moja, nilikuwa nampikia kahawa. Jina lake siliweki hapa, wakili kanikataza. Anayetaka anitafute pembeni.

Na wewe uliyeuziwa chasisi ya Grundig miezi hii: tazama juu yake, ubavuni mwa transfoma. Kama kuna kikaratasi kilichobanduka pembe moja, mpangilio wa valvu umeandikwa kwa herufi za Kiarabu, wino wa buluu, huo ni mwandiko wa babu. Sikuulizi ulinunua kwa nani. Niambie bei yako.