Fallout 4: Deraya ya Mtambo au Deraya ya Kawaida?

Mjadala huu haujaisha tangu mchezo wa video wa Fallout 4 utoke mwaka 2015, na naona wengi hutazama ulinzi peke yake. Hapo kweli deraya ya mtambo (power armor, vazi zito la chuma unaloingia ndani yake) haina mpinzani: unaruka kutoka juu ya ghorofa bila kuumia, kipimo chako cha nguvu (Strength) kinakuwa 11, na mionzi ya Glowing Sea, eneo la mchezo lenye mionzi mikali, haikumalizi.

Kinachouma ni gharama. Mtambo unakula betri za nyuklia (fusion core), na ukikimbia mbio zinaisha upesi zaidi. Mwanzoni betri hizo ni adimu na madukani bei yake ni kali. Baadaye zinajaa, hasa ukichukua ujuzi wa Nuclear Physicist unaozifanya zidumu. Halafu kuna matengenezo. Kila kipande huchakaa kwa risasi, kwa hiyo unarudi kwenye stendi ya njano ya kutengenezea mtambo ukiwa na chuma na malighafi nyingine. Na ukishuka, tafadhali chomoa betri! Ukiiacha ndani, adui anaweza kuingia na kukugeuzia mtambo wako mwenyewe.

Deraya ya kawaida haichakai kabisa. Haitaki betri wala fundi, na haikupigii kelele unaponyemelea.

Kama silaha yako ni bunduki yenye kizuia sauti na unapenda giza, baki na ya kawaida. Kama unabeba bunduki nzito na kupigana uso kwa uso, panda mtambo. Mnyemeleaji anayekwenda Glowing Sea naye autumie kwa safari hiyo tu.