Vyombo vya kulishia mtoto "rafiki wa mazingira": kipi ununue, kipi ukiache hapohapo dukani

Kama una mtoto wa miezi mitano anaelekea sita na umeanza kuzunguka kutafuta bakuli na kijiko cha uji, neno utakalokutana nalo kila duka ni "rafiki wa mazingira". Tangu Tanzania ipige marufuku mifuko ya plastiki Juni 1, 2019 (Wakenya walitutangulia, wao 2017) hilo neno limepata soko balaa, yaani bakuli likiwa na rangi ya kijani iliyopauka na kapicha ka jani tu basi bei ishapanda. Mimi nimelisha watoto wawili, nimenunua vingi na nimeingizwa mjini mara kadhaa, kwa hiyo hapa navipanga kuanzia ambacho ningekinunua tena kesho asubuhi mpaka ambacho hata ukinipa bure nakurudishia.

Ila kwanza jiulize, boksi likisema chombo kinaoza, kinaozea wapi? Maana kuna vitu ukivifukia nyuma ya nyumba vinaoza kweli, na kuna vingine vinaoza tu kwenye mitambo maalum ya kuozesha taka yenye joto linalokaribia nyuzi 60, sasa mimi naishi Dar, gari la taka likipita linabeba maganda ya ndizi, pampasi na hilo bakuli lako la bei mbaya vyote pamoja vinaenda dampo la Pugu. Huo mtambo hamna. Ndo maana siku hizi nina maswali mawili tu, kitadumu mpaka mdogo wake aje akitumie, na siku kikifa kinaishia wapi.

1. Bakuli la stenlesi

Najua utasema stenlesi haiozi, we dada umepotea njia. Haiozi kweli, lakini pia haitupwi. Bakuli nililolishia mtoto wa kwanza ndo hilohilo la wa pili, limeanguka sakafuni mara elfu, limegongwa ukutani, limetumika kama ngoma, na likichoka kabisa yule kijana anayepita na mkokoteni wa vyuma chakavu analichukua na hela anakupa. Ukichukua vibakuli vitano vya "kuozeka" vilivyopasuka ndani ya mwaka mmoja ukalinganisha na hiki kimoja, mimi naona mazingira yanashukuru hapa.

Ukinunua pindua uangalie chini kama pameandikwa 304 au 18/8, maana yake ina kromiamu kama asilimia 18 na nikeli kama asilimia 8, hiyo ndo haishiki kutu kirahisi. Kuna watu watakwambia jaribu na sumaku, isiponata ni nzuri, hiyo si kweli sana kwa sababu hata ile ya bei chee namba 201 mara nyingi sumaku hainati vilevile. Angalia na ukingo, pitisha kidole taratibu, ukikwaruza kidole chako ujue na mdomo wa mtoto hautapona. Usichanganye stenlesi na vile vibakuli na vijiko vinavyosubiwa mtaani kwa vyuma chakavu vya kuyeyusha, vile huwezi kujua kimeingia nini na madini ya risasi yanaweza kuwemo, na madini hayo kwa mtoto mdogo hakuna kiwango unachoweza kusema hiki ni salama.

Ubaya wake ni mmoja na ni mkubwa, inashika joto. Uji ukiwa wa moto bakuli lenyewe linaunguza na kijiko ndo usiseme, kinabeba moto moja kwa moja mpaka kwenye fizi. Kwa hiyo bakuli la stenlesi ndiyo, kijiko tuhamie namba mbili.

2. Kijiko cha mbao (na bakuli ukipata fundi)

Hapa ndo penye raha. Kijiko kidogo cha mbao hakiunguzi, hakigongi fizi, mtoto anayeota meno anakitafuna na maisha yanaendelea, na kikivunjika unakitupia jikoni kwenye moto au kwenye mashimo ya migomba, kimeisha, hakuna dampo wala nini.

Tatizo ni kinapakwa nini. Nilinunua cha kwanza kizuri cheusi kinang'aa, nikaambiwa mpingo dada hii mpingo halisi, kufika nyumbani nikakitia kwenye maji ya moto maji yakageuka chai ya rangi. Kumbe ni mbao nyeupe imepigwa rangi ya viatu! Wachongaji wengi wa vinyago ndo wanavyomalizia kazi zao na kwa kinyago cha kukaa kabatini sina ugomvi nacho, ila kwenye mdomo wa mtoto hapana. Na hata ingekuwa mpingo kweli nisingeshauri, ule mti unachukua miaka 70 mpaka 100 kufikia kuvunwa, halafu tuukate kwa ajili ya kijiko cha mtu atakayekitafuna miezi minane akiache? Mwembe unatosha kabisa, miti ya kuzeeka ya mashambani ipo, wavuvi wanachongea mitumbwi seuze kijiko.

Ninavyofanya mimi ni kwenda kwa mchongaji mwenyewe (kwa Dar pale Mwenge kwenye vinyago wamejaa) nakaa nae namwambia fundi nataka kijiko kidogo, kichwa kisizidi upana wa kidole gumba changu, kiwe bapa kisiwe na shimo refu kwa sababu mtoto wa miezi sita hawezi kusafisha shimo kwa mdomo wa juu, kipigwe msasa mpaka kiwe kama ngozi na USIPAKE KITU. Herufi kubwa hizo nimeandika makusudi, maana ukimgeukia tu kidogo keshachukua kitambaa cha vanishi. Bei yake mwisho unakuta ni ya soda mbili tatu, chukua hata vitatu.

Matunzo sasa. Usikiloweke kwenye beseni la vyombo usiku kucha, hapo ndo vijiko vingi vya mbao vinapofia, vinavimba vinapasuka alafu kwenye ule ufa ndo uji unajificha unachacha. Osha, suuza, kisimamishe kikauke penye upepo au juani. Mara mojamoja kipake mafuta ya nazi kidogo sana, kifute. Siku ukiona kimeanza kutoa vijinyuzi au kina ufa usikionee huruma.

3. Kifuu cha nazi

Shangazi yangu yuko Tanga, nilipomtumia picha ya lile "bakuli la nazi" linalouzwa mtandaoni kwa bei ya kuku mzima alicheka mpaka akakohoa. Akasema mwanangu hiyo si kata? Wewe unanunua kata? Na kweli, upawa wa kuchotea mchuzi na kata ya kuchotea maji mtungini Waswahili wa pwani wameviweka jikoni miaka na miaka bila mtu kuandika popote kwamba ni rafiki wa mazingira.

Kutengeneza ni kazi ya jioni moja. Chagua nazi iliyokomaa sana, kifuu chake kinakuwa kigumu na cheusi, kikate kwa msumeno wa chuma usikipasue kwa panga (kikipasuka ovyo ukingo hautengenezeki), ondoa nyama yote mpaka utando wa mwisho kwa sababu ikibaki inanuka na kuvu inaingia, halafu msasa mkali ndani na nje, msasa laini, kausha juani, mafuta ya nazi kidogo. Kile kipande chenye matundu matatu kiache, chukua kile cha upande wa pili. Vile vya dukani vinavyong'aa kama kioo vimepakwa vanishi, ukiuliza ni vanishi gani muuzaji mwenyewe hajui.

Ila kinayumba, chini ni duara. Shangazi alinishonea kigurudumu cha kitambaa kama kile cha kubebea ndoo kichwani, ambacho nacho kinaitwa kata, kwa hiyo kwangu kata inakalia kata na mtoto anakula. Kwa uji wa vuguvugu, ndizi ya kuponda, parachichi, kiko vizuri. Uji unaochemka usimimine humo, kinaweza kupata ufa. Na kijiko cha kifuu chenye mpini wa kuunganishwa kwa kamba au msumari mdogo usimpe mtoto ashike mwenyewe, kiunganishi kikiachia ndo kitu cha kwanza kwenda kooni.

4. Silikoni

Haiozi, tusidanganyane. Inadumu, inavumilia kuchemshwa, haivunjiki, na lile bakuli la kunata mezani kwa mtoto wa mwaka na nusu anayerusha kila kitu limeniokoa nguo nyingi. Nunua moja tu basi. Ivute na uikunje, ikibadilika ikawa nyeupe pale ilipokunjwa kuna uwezekano imechanganywa vitu vingine ili kushusha bei. Pia ukiichemshia na sabuni yenye harufu kali inashika harufu, mtoto anakula uji wa limao wiki nzima.

5. Mianzi yenyewe, ile ya mbao mbao

Yale mabakuli mazito ya mianzi unayoiona nyuzi zake, yenye mpira wa silikoni chini. Siyo mabaya ila yameunganishwa vipande kwa gundi, na chini ya ule mpira maji yanakaa. Uchomoe. Wengi hawauchomoi, siku wanauchomoa wanakuta kuvu jeusi duara zima. Kama huna muda wa kuuchomoa kila ukiosha, achana nayo.

6. Vya "mahindi" na "majani ya ngano"

Vya mahindi, yaani ile plastiki ya wanga wa mahindi inayoitwa PLA, vinalegea kwenye joto la nyuzi 55 hadi 60, kijiko changu kilipinda ndani ya mtori nikabaki nimeshika kitu kama ulimi. Na kuoza kwake ndo kule kwenye mitambo nilikokwambia. Vya majani ya ngano vingi ni plastiki ya kawaida imechanganywa na unga wa majani, pindua chini mara nyingi utaikuta namba 5 ndani ya pembetatu. Namba 5 si sumu, ni plastiki ya kawaida ya vyombo, ila basi nunua kwa bei ya plastiki.

7. Unga wa mianzi: usinunue

Hivi ndivyo vile vibakuli vyepesi, laini, rangi za peremende, vina vidotidoti kwa mbali, vimeandikwa mianzi. Nilipewa seti nzima kwenye arobaini ya mtoto. Hivyo ni unga wa mianzi umegandishwa kwa kemikali mbili, melamini na fomaldehaidi, na kwenye kitu cha moto au chachu hizo mbili zinatoka zinaingia kwenye chakula. Melamini ndiyo ileile iliyotiwa kwenye maziwa ya watoto kule China mwaka 2008, watoto wapatao laki tatu waliugua, figo zikajaa mawe, sita walikufa. Kiasi kinachotoka kwenye bakuli hakifanani na cha yale maziwa, sikutishi, ila kwa nini umpe mtoto anayekula humo mara tatu kwa siku? Taasisi ya Ujerumani ya kupima hatari za vyakula, BfR, ilishasema vyombo hivi visiwekewe vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 70, na Mei 2021 Ulaya ikaanza msako wa kuviondoa sokoni. Na wala haviozi.

Mimi nilimimina maji yaliyochemka, nikafunika dakika kumi, nikanusa. Vyangu vilitoa harufu kama ya duka la fanicha mpya. Nimevigeuza sahani za kuwekea mimea dirishani, vimependeza, na aliyeniletea akija namwonyesha mnanaa ulivyostawi.